Supu ya Kichwa cha Nguruwe

Asubuhi moja ya baridi haijawahi kunitoka kichwani, mjukuu wangu, na leo nakupa uibebe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Songea yakajaa mafuta ya kupikia ya kila aina. Babu yako alikuwa na banda la nguruwe wa kukaanga huku Mjimwema, na mteja wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Tumbo lilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Watu walimsifu: "Baba Longino, umenawiri!" Mimi nilijua kwamba akipanda kilima chetu husimama katikati, mkono kifuani, akijifanya anatazama mahindi ya watu. Baba yake alianguka shambani akafa palepale, na ukoo mzima ukaenda kutafuta mchawi.

Ndipo akaja mtafiti, Dokta Fidea, binti wa Kingoni. Alitaka kulinganisha damu zetu sisi wa mjini na za wakulima wanaoshindia ugali na likolo, mboga zetu za majani. Alisema kuna mafuta yaitwayo kolesteroli, yakizidi hujibandika kwenye mishipa ya moyo polepole, na mtu hasikii kitu. Sharti lake: tangu jioni usile, maji tu.

Sasa mtu atolewe damu na tumbo tupu? Mama mkwe wangu aliona hayo ni mauaji. Kulipopambazuka akamwita mwanawe kwake, akampa supu ya kichwa cha nguruwe, bakuli zima. Nilimkuta anafuta midomo.

Kwenye ukumbi wa kupimia, damu zikatiwa kwenye mashine ya kuzungusha. Za wenzake zilitoka na maji ya njano juu, safi. Ya babu yako ilikuwa nyeupe juu kama maziwa.

"Baba Longino, kumbe unanyonyesha!" mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka. Dokta hakucheka.

"Baba, umekula?"

"Sijala."

Mama mkwe akainuka kwenye benchi. "Mwanangu hajala. Damu hiyo imechezewa. Walianza na baba yake!"

Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kumtazama jirani yetu, bibi mjane aliyekaa peke yake kule nyuma. Nikaona tunakwenda kulekule kwenye uchawi: mjane atapigwa, na mume wangu atakufa na moyo wake bila kutibiwa. Lakini mkamwana ambishie mama mkwe mbele za watu?

"Amekula, Dokta," nikasema. "Supu. Msogelee, bado ananuka pilipili."

"Utarudi kwenu Peramiho leo hii!" babu yako akafoka.

Dokta akamgeukia mama mkwe, akapiga goti. "Shikamoo mama. Ulimpa kwa upendo. Hii nyeupe ni supu yako, bado inaelea. Kesho aje hajala."

Kesho yake damu ikatoka safi. Mama mkwe akapiga kigelegele. "Mnaona! Mkamwana alitaka kuniulia mtoto kwa mdomo!"

"Subiri, mama," Dokta akasema. "Supu ndiyo inayoonekana. Kolesteroli haionekani kwa macho, mpaka ipimwe."

Tulisubiri majibu, na siku zote hizo babu yako hakunisemesha. Yalipokuja, yalikuwa mabaya: kolesteroli imepanda mno. Akakaa chini kama gunia.

"Kwa hiyo hata baba…?"

"Baba yako sikumpima, siwezi kusema. Wewe nimekupima."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuja na bakuli lilelile, ndani mna likolo la kuchemsha, halina hata tone la mafuta. "Kula," akamwambia mwanawe, "na usinitazame." Kisha akanikabidhi mimi mwiko, kwamba chakula cha mwanawe sasa ni juu yangu.

Babu yako huyo hapo nje anapasua kuni, na kilima anakipanda kwa mguu hadi kanisani.

Basi, mwanangu, ukiambiwa usile kabla ya kupimwa, usile, hata kama mimi bibi yako ndiye ninayekupakulia. Dokta akikuuliza, sema kweli. Usijisifu kwa unene wala kwa damu kuonekana safi, nenda ukapimwe. Na mtu akifa ghafla, usimtafute mchawi kwenye nyumba ya mjane.

Mungu akupe moyo wa kupanda kilima bila kusimama, na akupe mtu wa kukuumbua mbele za watu siku utakapodanganya.