Watu Wawili kwa Tiketi Moja

Kutangaza si kupayuka, ingawa wengi hudhani hivyo. Kila klabu yetu ya mpira ilipopunguza bei ya tiketi, mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka mitaani kwa tuktuk pamoja na dereva, spika juu ya paa, nikinadi: "Watu wawili kwa tiketi moja!" Na desturi naijua: palipotandikwa mikeka ya msiba, unazima, unapita kimya.

Asubuhi moja, Bondeni, nikaikuta mikeka mlangoni kwa kinyozi wetu. Jirani akaniambia aliyefariki ni kinyozi mwenyewe. Tiketi zikishuka bei, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka kununua, na uwanjani hakwenda bila mkewe. Nikazima, tukapita.

Hatujafika mbali, nduguye marehemu akatukimbilia. "Shemeji yuko ndani, amesikia ulivyozima. Asema urudi, utangaze kama siku zote. Marehemu alikuwa akipenda kukusikia."

Tukarudi. Dirisha lilikuwa limefunguliwa kidogo, na nyuma ya pazia nilijua nani anasikiliza. Nikashika kipaza sauti, nikataja siku ya mechi, saa na uwanja. Yale ya watu wawili hayakunitoka kinywani.