Ndoano Tano na Kumbikumbi

Ijumaa ile mchana nilikaa kibarazani kwangu Elerai, ndoano tano mbele yangu kwenye sinia. Kesho yake mimi na mume wangu, mzee wa nyumba, tulikuwa tunakwenda kuvua samaki aina ya trauti kwenye mto mdogo unaoshuka kutoka Meru. Chambo tunafunga wenyewe, kwa manyoya ya kuku na uzi wa cherehani, kifanane na mdudu. Mwaka jana yeye alitoa wawili. Mimi nilirudi na miguu ya baridi tu. Safari hii nilitaka wangu, hata awe mdogo kama kidole.

"Funga nyeusi zote," mzee akaniambia, kijisanduku chake cha chambo mapajani. "Nyeusi haikosi."

"Haikosi kwako. Mwaka jana nilifunga nyeusi, nikala ugali kwa samaki wa mwenzangu."

Akacheka mpaka akakohoa.

Nikampigia wifi yangu, mdogo wake mzee, anayekaa kule juu karibu na mto. Simu nikaiweka spika.

"Shikamoo wifi," akaniamkia.

"Marahaba. Mvua imenyesha huko?"

"Jana, mpaka migomba imelala. Leo asubuhi kumbikumbi wametoka, acha tu. Kuku wangu wameshiba, mtama nawamwagia hawautazami."

Moyo ukaniruka. Kumbikumbi wakiwa wengi hivyo lazima wengine waangukie majini, na samaki si mjinga. Lakini mzee akadakia, "Kama kuku wameshiba, samaki nao wameshiba. Utamlisha nani?"

Hapo niliyumba, sisemi uongo. Nikashika unyoya mweusi, nikauweka, nikaushika tena. Mwisho nikainuka, nikamkamata tetea wangu wa kahawia, nikamchomoa manyoya machache, akapiga kelele kama anachinjwa. Nikafunga zote tano kumbikumbi: tumbo nene la uzi, mabawa marefu yamelala nyuma. Nyeusi sikufunga hata moja.

"Haya, mama kumbikumbi," mzee akasema.

Asubuhi tukakuta kumbikumbi wanaelea mtoni, mabawa yamelowa, na kando ya jiwe kubwa samaki wanawadaka, maji yanaruka. Mzee alikuwa ameshatupa nyeusi yake mara nne. Nikatupa yangu. Mara ya pili uzi ukavutwa, fimbo ikapinda, nikajikuta nimekaa kwenye matope na fimbo sijaiachia.

"Mama," akasema taratibu, "hebu nigawie moja."

"Subiri nimtoe huyu kwanza."