Mpaka Nilioutamka Mimi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kuniacha. Nimesikia wewe na wenzako mmechaguliwa kwenda kutoa maoni juu ya mipaka ya wadi yetu, maana wanasema itapitiwa upya. Kabla hujaenda, keti kidogo unisikilize. Mpaka mnaokwenda kuulalamikia hapa upande wa Shinyalu haukuletwa na wageni. Niliutamka mimi, kwa kinywa changu, mchana kweupe.

Siku hizo hapakuwa na serikali ya kaunti wala gavana. Tulikuwa na diwani tu, na wadi moja kubwa. Kijiji chetu na kile cha ng'ambo ya kijito vilikuwa kama chungu na kifuniko. Shule moja, zahanati moja, chemchemi moja. Akifa mtu wa ng'ambo, sisi ndio tuliochimba kaburi. Akifa wetu, wao walikuja na majembe kabla hata ya kuitwa. Na tukipiga kura pamoja, hakuna diwani aliyeweza kupita bila kutuamkia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika kijiji chetu hilo halikuwa jambo dogo. Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka. Kwa hiyo iliposemekana kwamba wadi itagawanywa ziwe mbili, na kwamba ofisa atakuja kuwauliza wananchi mpaka upite wapi, wazee walikaa wakakubaliana: mpaka ufuate barabara ya murram, ile ya changarawe, kule juu mlimani, ili vijiji vyetu viwili vibaki pamoja. Mimi nikatumwa niyaseme hayo. Aliyenituma hasa ni Mzee Shivachi, ambaye sote tulimwita Kuka, yaani babu, ingawa hakuwa babu yangu wa kunizaa.

Sasa, mwanangu, ujue watu wetu na fahali. Jumamosi moja kabla ya kikao hicho, fahali wa baba yangu alipiganishwa na fahali wa kina Muhati wa ng'ambo. Muhati alikuwa rafiki yangu. Tulisoma dawati moja. Fahali wetu tulikuwa tumemlisha miezi mingi, tukamwimbia njia nzima, ngoma za isukuti zikilia mbele yake. Walipogusana pembe tu, akageuka akakimbia, akapita katikati ya shamba la mahindi la mjane mmoja, mkia juu.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Muhati akanifuata akiruka na fimbo yake.

"Rafiki yangu, huyo mlimlisha majani au mlimlisha uji?" akapaza sauti. "Mpelekeni kwaya! Pembe anazo za urembo tu!"

Wasichana wakaudaka utani huo wakautia wimbo papo hapo. Na miongoni mwao alikuwepo mmoja niliyekuwa nikimtazama kwa nia njema. Alicheka kuliko wote. Hasira hasara, walisema waliotutangulia, lakini mwenye hasira husikia methali kama mtu aliye ndani ya maji.

Siku ya kikao ikafika. Watu wa vijiji vyote viwili walijaa nje ya ofisi ya chifu. Ofisa akauliza, "Kijiji hiki kinataka mpaka upite wapi?" Nikasimama. Nikamwona Muhati amekaa mbele na wenzake, akinitazama, kisha akaweka vidole viwili kichwani kama pembe. Ni hayo tu. Utani wa kitoto.

Nikasema, "Mpaka ufuate kijito. Wa ng'ambo wakae na mambo yao ya ng'ambo."

Niliona Kuka ameinua kichwa. Hata kabla hajapata fimbo yake asimame, Muhati alikuwa ameshasimama. "Kama hawatutaki, nani anawataka?" akasema. "Andika hapo hapo, bwana ofisa! Kijito!" Vijana wa pande zote wakapiga makofi, kila upande ukidhani umeutukana mwenzake. Ofisa akafurahi kuona vijiji viwili vimekubaliana upesi namna ile.

Jioni Kuka aliniita kwake. Hakunipigia kelele. Alikuwa akipukuchua mahindi, na aliendelea kupukuchua.

"Mwana wetu," akasema, "umegawa maji kwa sababu ya pembe."

"Kuka, Muhati naye alikubali."

"Sikukutuma wewe umpime Muhati akili. Mshike mkono asubuhi, mwende wote wawili mjini kwa yule ofisa, mkamwambie mlisema kwa hasira. Karatasi zake bado ziko mezani."

"Atatucheka, Kuka."

"Kuchekwa siku moja si ugonjwa. Nenda."

Sikwenda. Nilijiambia mvua itanyesha. Kesho yake nikajiambia palizi imenizidi. Muhati naye alinisubiri mimi nianze, aliniambia mwenyewe baadaye, na mimi nilimsubiri yeye. Karatasi ziliondoka mezani.

Hayo mengine unayaishi. Kila kijiji kikawa mkia wa wadi ya watu wengine. Peke yetu hatukuwa na kura za kumtisha diwani, nao hawakuwa nazo. Serikali ya kaunti ilipokuja, madiwani wakawa na ofisi na fedha za barabara, lakini mpaka ukabaki pale pale. Ukiomba daraja la kijito, mwakilishi wetu anasema ni kazi ya wadi ile. Ukivuka, wa kule anasema ni kazi ya wadi hii. Mpaka leo tunavukia magogo, na zahanati iko upande wetu.

Mimi na Muhati tulipatana zamani, tukazeeka tukicheka ujinga wetu. Lakini msimu uliopita wa mvua ndefu kifua kilimbana Muhati. Maji yalikuwa yamefunika magogo. Wanawe wakampakia kwenye pikipiki, wakazunguka kwa barabara kubwa. Hakufika.

Nilizunguka kwa njia hiyo hiyo kwenda kumzika. Nilikuta kaburi limeshachimbwa na mikono mingine. Mkewe Selina aliinuka akanipa mkono.

"Shemeji, umechelewa."

"Maji yamejaa, shemeji."

"Ndiyo," akasema. "Hata yeye yalimzuia."

Hakuwa na sababu ya kusema zaidi; alikuwepo siku ile ofisini kwa chifu, akiwa msichana.

Basi, mwanangu. Ukitumwa na watu, kinywa chako si chako. Iache nyumbani chuki yako na ubebe maneno yao. Na ukishakosea, maana utakosea tu, rudi siku hiyo hiyo, hata kama mwenzako naye alikosea, hata kama watakucheka. Ulimi hauna mfupa, lakini unaloliweka juu ya ardhi wajukuu watalikuta limesimama. Wanaogawa nchi kwa kalamu hawajui nani humzika nani. Wewe unajua. Waambie hilo, na waambie pia kwamba aliyeutaka mpaka wa kijito bado yuko hai na ameukana. Wakitaka kunisikia mimi mwenyewe, njoo unichukue. Nitasimama mbele yao, na wa kucheka acheke.

Mungu akupe kinywa chepesi kuomba radhi na miguu isiyongoja mwingine atangulie. Akujalie jirani atakayekuzika kwa machozi ya kweli, nawe upate njia ya kumfikia angali anapumua. Nenda salama, mwanangu.