Niliandika Saa Kumi na Mbili

Watu arobaini na watatu walipoteza nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho Jumanne ya wiki iliyopita, kati ya 6h00 na 12h00. Anayelaumiwa ni muuguzi. Aliyefanya ni mimi. Admin, nifiche jina tafadhali, hapa Kamina, Kongo, tunajuana.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, sina diplôme. Nilianza na kibanda cha fotokopi karibu na gare ya treni, nikajifunza kuandika programu peke yangu, kwa kusoma na kuuliza katika kundi moja la mtandaoni la waandishi wa programu wanaotumia Kiswahili. Humo wamo wa Dar, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi. Swali langu la kwanza niliandika kama ninavyoongea, "minyi niko na shida", yaani mimi nina shida, wakacheka siku nzima. Mmoja akauliza minyi ni mdudu gani. Tangu hapo nikawa naandika Kiswahili cha vitabuni, bila neno hata moja la Kifaransa. Nawaambieni hilo kwa sababu ndipo balaa lilipoanzia.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja, nafasi 160. Kituo cha afya kikaniomba programu ya kuandikisha wagonjwa, na wakubwa wa zone ya afya wakasema ikienda vizuri watanipa na vituo vingine vyote. Kanisani ilitangazwa: mwisho Jumanne, midi. Hapa adhuhuri kila mtu anaiita midi. Lakini kundini niliona aibu kuandika midi. Nikaomba msaada wa kufunga fomu Jumanne "saa kumi na mbili". Bwana mmoja wa Dar, nimwite Fundi, ambaye amenisaidia miaka miwili bila kudai kitu, akauliza, "Asubuhi au jioni, dada?" Nikaona swali la ajabu. Jioni haiwezi kuwa. Nikajibu asubuhi.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya mmeshaelewa. Sisi huku tunahesabu saa kama tarakimu zinavyosomeka, kumi na mbili ni midi. Kwenu saa kumi na mbili asubuhi ni jua likitoka, ambayo kwetu ni saa sita. Fundi akanirudishia mistari minne ya programu, na katika wa tatu kulikuwa na 6. Niliiona. Nisidanganye kwamba sikuiona. Mimi ninayehesabu karatasi mara mbili kabla mteja hajaondoka, niliiona ile 6 nikajiambia labda ni kwa sababu mashine inayotunza fomu iko Ulaya. Ulaya hatupishani nao saa sita, hilo nalijua. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kuchekwa tena.

Jumanne ile watu walifika mapema, wengine wamebebwa kwa baiskeli kutoka vijijini. Muuguzi, nitamwita Papa Ngoy, akawaandika mmoja mmoja kwenye simu, na kila mara fomu ikamjibu merci, kwa kuwa nilikuwa nimeiweka ishukuru kwanza ndipo iangalie saa. Hilo nalo ni kosa langu, si la Fundi. Majina yakaenda kwenye orodha ya waliochelewa, ambayo haitumwi popote. Madaktari wakapata watu 109, wakaona nafasi 51 ziko wazi, wakawapa wagonjwa wa mji wa Luena. Siwezi kuwachukia, nao hawaoni. Lakini 109 na 43 ni 152. Wetu wote wangeenea na nafasi nane zingebaki.

Sasa mji unasema Papa Ngoy aliwauzia watu wa Luena nafasi zetu. Maman Odette, muuza unga wa muhogo ambaye anatambua noti kwa vidole tu, alimfuata kituoni nikiwepo.

"Papa Ngoy, minyi siko naona, lakini niko nasikia. Nilisikia weye uko naandika jina yangu. Uliiandika wapi?"

Akasema aliandika, machine ilisema merci. Mtu nyuma akadakia kwamba merci hiyo ilitoka Luena, wakacheka. Kesho yake akaja kibandani kwangu. Hakunigombeza. "Mutoto yangu, tafuta muzuri mu hiyo machine. Bantu banasema niliuzisha macho yabo." Nikamjibu bado natafuta. Nilikuwa nimeshapata siku mbili kabla.

Nikarudi kundini. Wakabishana kama kosa ni la lugha au la kutojaribu programu kabla ya kuitumia, majibu zaidi ya tisini, na hakuna aliyeuliza wagonjwa wako wapi. Fundi akaniandikia pembeni: "Nilikuuliza, ukajibu asubuhi. Futa ile orodha, weka 12, sema mtandao ulikatika. Kamina nani atabisha?" Kinachoniuma ni kwamba hajawahi kunishauri kitu kikakataa kufanya kazi, na hiki nacho kitafanya kazi.

Orodha bado ninayo. Majina 43, kila moja na saa yake, la kwanza 6h14, la mwisho 11h52. Ikisomwa, Papa Ngoy ni msafi. Nikiifuta, hana ushahidi wowote duniani. Nikiipeleka, zone hawatanipa kazi tena, na watasema walijua tu, mwanamke wa fotokopi ataweza wapi mambo ya hospitali. Mume wangu ananiambia niwafikirie watoto. Papa Ngoy ana watoto sita.

Jumatatu 10h00 kamati ya kituo imemwita, na barua ya kumfukuza inasemekana imeshaandikwa. Msiniambie niombe, nimeomba. Msinifundishe programu, walimu wa hiyo ninao. Nipeleke majina au niyafute? Nitasoma maoni yenu hadi Jumatatu 9h00, kwa saa ya Kamina. Kila mtu aandike neno moja: peleka, au futa.