Nilisema zibua, Keji akaziba: maji ya friji yalivyotaka kutuulia mtu Munuki

Wakuu, salamu kutoka Juba. Sitii chumvi hapa.

Mimi ni Mkenya, mama wa Kitale, nina duka la samaki na soda hapa mtaa wa Munuki. Nauza na Keji, dada wa hapa aliyekulia ukimbizini Uganda. Mchapakazi, na Kiswahili chake ni kile cha "mimi iko". Tunaelewana. Ama nilidhani tunaelewana.

Friji yetu ni ile kubwa ya milango ya vioo. Juzijuzi ikaanza kukusanya maji chini, kreti za samaki zinalowa.

Nikachungulia. Kule nyuma, ndani, kuna katundu ka kutolea maji, na kalikuwa kamejaa magamba ya samaki. Maji yakikosa njia yanabaki humo. Kitu rahisi kabisa.

Nilikuwa natoka kwenda sokoni, nikamwambia Keji, "Hako katundu, kazibue vizuri."

"Tamam," akasema, yaani sawa.

Kesho yake maji yameongezeka! Nikapandwa na hasira (ziko karibu, mniombee). "Keji, si nilikwambia uzibue?"

"Mimi ilifanya, Mama Neema. Sasa itafanya na nguvu."

"Zibua kabisa!"

Jamani, hiyo kabisa yangu.

Asubuhi iliyofuata niko nje napokea samaki, nikasikia yowe. Kuingia, Keji yuko chini. Maji yalikuwa yamefurika, yakapita chini ya mlango wa friji mpaka kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, naye alikuwa miguu mitupu akipiga deki. Umeme ulimrusha hadi kwenye kreti za soda.

Wakuu, Keji ana watoto, na mdogo bado ananyonya! Nikakimbia nyuma kuzima jenereta. Niliporudi alikuwa amefumbua macho. Nililia bila aibu, wateja wakiniangalia.

Kliniki wakampima, wakasema atapona, ila kiganja kimeungua.

Kurudi dukani nikafungua friji. Katundu kamezibwa na kitambaa, na juu ya kitambaa nta ya mshumaa, imelainishwa vizuri kabisa. Nikakaa chini.

Kwa wenye tatizo kama hili: chomoa waya kwanza. Toa uchafu, pitisha maji ya uvuguvugu mpaka yatokee kwenye sinia ya nyuma inayokinga maji, na ekstensheni itundike ukutani. Friji yangu sasa ni kavu.

Jioni nikamfuata Keji kwake, nikamuuliza kwa upole.

"Wewe ilisema ziba, mimi iliziba," akajibu. "Wewe ilikasirika, mimi iliweka na mshumaa."

"Nilisema zibua, Keji. Yaani fungua."

Akaangalia bandeji yake, mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Ziba ni funga. Sasa hiyo 'ua' nyinyi mnaweka nyuma ni ya nini? Si ni ile ya kuua mtu?"

Wakuu, nimezaliwa na Kiswahili, na hiyo 'ua' sijawahi kuiwaza.

Siku hizi sitoi agizo kwa mdomo tu. Nainama, naonyesha kwa kidole, na yeye ananionyesha alichoelewa. Nyinyi mnaofanya kazi na wenye Kiswahili cha kujifunza ukubwani, neno gani liliwahi kuwageukia? Semeni, nasoma zote.