Kipupwe Gari la Baba Lilipogoma

Harufu ya petroli mbichi ikinikuta asubuhi kabla sijanywa chai, mpaka leo hutega sikio nisikie kama injini itashika. Mwaka ule nilikuwa darasa la pili, na kipupwe chote nyumba yetu iliamka na harufu hiyo. Tuliishi katika kijiji kimoja cha pwani kusini mwa Kilwa Masoko, na baba alikuwa na gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye turubai nyuma, alilopakia ufuta na samaki wakavu kupeleka Nangurukuru. Hakukuwa na gari jingine kijijini. Mchana lilikuwa la kutegemewa, linapita kwenye mchanga na matope bila kulalamika. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya boneti, lilikuwa gari jingine kabisa. Stata ililia, injini ikakohoa, ikashika, ikatetemeka mpaka vioo vikagongana, kisha ikazima. Baba akaanza upya.

Mama alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia. Mtoto aliyenifuata mimi alizaliwa kwa upasuaji na hakuishi. Safari hii mkunga wa zahanati alimwambia baba asithubutu kumwacha mama ajifungulie nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali Kivinje moja kwa moja, kwa sababu kovu la zamani likiachia ndani, pale kijijini hakuna wa kumwokoa. Aliyasema hayo mimi nikiwa nimesimama pale pale. Watu wazima huongea mbele ya watoto wakidhani watoto ni mikeka. Nilisikia, nikajumlisha mwenyewe: gari lisipowaka, mama atakufa. Sikumwambia mtu. Nilikwenda na hofu hiyo shuleni, kisimani na chuoni, ambako mwalimu aliniuliza aya niliyoijua vizuri nikamsomea nyingine.

Baba alijaribu kila alichokijua. Alifungua plagi, akazisugua kwa msasa, akazikausha kwenye jiko la mama pembeni ya sufuria, tukanywa uji wenye ladha ya gereji. Alisafisha platini zinazogawa umeme wa plagi. Fundi wa Masoko alikuja, akafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, akaiweka juu ya gunia, akapuliza kila tundu, akaifunga akasema imepona. Kesho yake mambo yalikuwa yale yale. Baba akivuta choki ya kuongeza petroli mpaka mwisho, injini ilizama kwa petroli; akiirudisha kidogo tu, ilizima. Jua likipanda na chuma kikipata moto, lilinguruma vizuri kana kwamba linatucheka. Baba hakuwa mtu wa kugomba, na ukimya wake ndio ulionitia hofu zaidi. Niliamka kabla yake ili nisikilize, na kila lilipozima nilikimbilia chumbani kumwangalia mama kama bado anapumua.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake. Gari moja kijiji kizima, alisema, litaachaje kutupiwa jicho? "Hili halitaki fundi," alimwambia baba. "Linataka kufukizwa." Baba alicheka kwa adabu akaendelea na bisibisi zake. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kusubiri ruhusa. Asubuhi moja gari lilikuwa limeshika, linatetemeka vibaya, baba yuko ndani anakanyaga mafuta lisizime, boneti imefunguliwa juu na kumziba asione mbele. Alikuwa ametoka kufungua kabureta muda mfupi kabla, na chuma kilikuwa bado kimelowa petroli. Bibi akatokea uani na chetezo kimejaa makaa mekundu, ubani unafuka, midomo inasoma dua, akakiinua juu ya injini.

Niliyaona makaa. Nilisikia harufu ya petroli. Mama alikuwa ameketi barazani. Akainuka, mkono tumboni, na badala ya kukimbia akaenda kule kule kwenye moto. Niling'ang'ania kanga yake nikimvuta nyuma, naye akanikokota.

"Mama, tafadhali," alimwambia Bibi, "rudisha nyuma hicho chetezo. Kuna petroli hapo."

"Kaa mbali wewe na tumbo lako," Bibi alijibu bila kugeuka.

Mama alinyoosha mkono akishike, kisha akasita. Alikuwa anautazama moshi. Kila mahali ulipanda juu, isipokuwa sehemu moja nyuma ya kabureta, ambako ulipinda, ukashuka na kutoweka.

"Baba Zuhura," mama alimwita baba kwa jina langu, "njoo uone. Moshi unaingia humu."

"Nikiachia litazima."

"Basi lizime. Njoo."

Lilizima. Baba alishuka, akaona makaa, na rangi ikamtoka. Alimpokea mama yake chetezo kwa mikono miwili, akakipeleka mbali na kukifukia mchangani, akarudi akaketi chini. "Ungetuchoma wote, mama," alisema. Bibi alijifunga kanga vizuri. "Na ugonjwa wa gari lako nimeuonyesha," akamjibu.

Pale moshi ulipotoweka palikuwa na mpira mwembamba wa bomba, umepasuka upande wa chini, pasipoonekana kwa jicho. Injini ikiwa baridi, hewa iliyojipenyeza hapo ilitosha kuizima. Baba alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia, akaukaza kwa waya. Kesho yake liliwaka mara moja, naye akazungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo, sikio karibu na injini, mpaka mngurumo ukatulia. Wote walifurahi. Mimi sikuamini. Niliendelea kuamka kusikiliza, mpaka asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri mama aliposhika mwimo wa mlango akasema uchungu umeanza. Baba alizungusha ufunguo. Stata ililia, pakawa kimya, nikafumba macho, halafu injini ikashika. Siku ya pili baba alirudi kutuambia kwamba nina mdogo wangu wa kiume na kwamba mama ameomba uji.

Siku hizi lami inafika karibu na kijiji, na kuna gari la wagonjwa. Mimi naishi Lindi mjini, nina gari jipya linalowaka kwa kubonyeza kitufe. Nina mimba ya miezi minane, na kila asubuhi natoka uani, naliwasha, nalisikiliza, nalizima. Mume wangu anasema namaliza mafuta. Mwezi uliopita nilimpigia mama simu, nikamuuliza kama aliwahi kuogopa kwamba gari lingegoma siku yake.

"Gari sikuliogopa," alisema. "Nilimwachia Mungu na baba yako. Wewe ndiye uliyenitisha. Kila asubuhi ulikuja kuniangalia kama unaniaga."

Asubuhi iliyofuata niliwasha gari kama kawaida. Nilipogeuka, binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kulalia, ananitazama tumboni.