Kinyundo cha Sikio

Bandarini walimwita Sikio, na kwa miaka thelathini jina hilo ndilo lililomlisha. Kazi yake ilikuwa kukagua boti kabla hazijanunuliwa: alizigonga kwa kinyundo cha plastiki, shibiri kwa shibiri, huku akisikiliza. Palipo pazima palilia ko, ko. Palipooza ndani palijibu bu, na hapo mnunuzi alikuwa ameponea chupuchupu.

Siku hiyo mnunuzi alikuwa binti yake wa pekee. Yeye na mumewe waliazimia kuhamia majini na watoto wao wawili, na walitaka katamarani, ile boti ya tanga yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha. Uani kwa muuzaji zilikuwapo tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, vioo na madoido kila upande. Binti akasema hiyo ni ya kutambia mwaka mmoja, wa pili inachusha. Ya pili ilikuwa nene kama kabati. Ya tatu ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, haina pambo lolote, na kila aliyepita uani aligeuka kuitazama tena.

"Hii hata nikizeeka nayo haitanichosha, baba," alisema. "Gonga tu, tumalize."

Sikio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchagua hivyo, kutazama umbo na kupuuza rangi. Sasa alijuta, maana boti kuukuu ndiyo inayohitaji sikio. Tangu mwanzo wa mwaka sikio lake la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilivuma kama friji bovu. Maneno ya watu aliyanasa kwa kutazama midomo. Hakumwambia mtu, hata mkewe, ambaye alidhani ananuniwa.

Akajikaza kisabuni. Akagonga tumbo la kushoto, akaguna kama kawaida yake. Kila pigo lilimfikia kwa sauti ileile, nzito na ya mbali. Akiikataa ikiwa nzima, atakuwa amemnyima mwanawe kwa uongo. Akiipitisha ikiwa mbovu, itapasuka katikati ya bahari na wajukuu wamelala ndani. Alifika pale tumbo linaposhikana na boriti ya mbele, ile inayofunga matumbo mawili pamoja, akapagonga mara mbili, akapita. Mdomo ulishafunguka kusema ni nzima, akashusha kinyundo.

"Mwanangu," alisema, "mimi sisikii."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha. Alipouona uso wa baba yake, kicheko kikamkatika. Hakuuliza tangu lini. Utotoni yeye ndiye aliyemshikia baba tochi, na mchezo wao ulikuwa kukisia sauti. Akachukua kinyundo, akaanza upya, na Sikio akamkodolea macho usoni.

Kwenye boriti ya mbele mkono wake ukasimama. Akagonga tena, akafumba macho.

"Hapa pameoza, baba," alisema. "Na umepagonga mara mbili."

Sikio aliketi chini kwenye kokoto. Wajukuu wake wamepona, na kwa hilo alishukuru. Kisha zikaanza kumjia, moja baada ya nyingine, boti tano alizozipitisha mwaka huu, na nyuso za watu waliompa mkono wakaondoka na boti hizo. Akatoa simu mfukoni, akampa binti yake.

"Wapigie wote," alisema. "Nisikilizie kama wanapokea."